Nani Alimfunza Ticha wa Nasari Maadili?

Umeiona hiyo klipu. Kama hujaiona hiyo yenyewe, umeona ndugu yake. Mtoto wa miaka minne amesimamishwa mbele ya darasa, anaulizwa tatu ongeza mbili ni ngapi, anajibu "ng'ombe", ticha anaangua kicheko mpaka simu inatingika. Kufikia jioni watu wasiomjua wanajua jina la huyo mtoi, sare yake na shule yake. Na huko chini maoni ni yale yale: hawa walimu wa siku hizi hawana maadili kabisa.

Mimi nilikwama kwa hayo maneno mawili, "siku hizi". Manake ukisema siku hizi hakuna, unasema zamani yalikuwepo. Sawa. Yalikuwepo wapi? Yaliandikwa na nani? Ticha wa nasari aliyasomea wapi, na alikuwa analipwa na nani wakati huo wote tunamdai awe na maadili?

Nikaanza kufuatilia. Na ukweli ni kwamba tukizungumzia historia ya elimu Kenya, huwa tunaanzia juu. Maseno 1906, Alliance 1926, kila mtu anajua. Lakini ule mlango wenyewe tuliingilia wote, pale ulipofundishwa kushika penseli na kuomba ruhusa ya kwenda choo, hauna historia kwa vichwa vyetu. Ni kama ulijijenga wenyewe.

Haukujijenga. Na mwanzo wake si mtamu.

Kabla ya yote, malezi ya mtoto mdogo yalikuwa ya shosho, ya shangazi, ya dada mkubwa aliyebeba mtoto mgongoni huku akicheza. Hakuna aliyeita hiyo kazi. Miaka ya 1940 vituo vya watoto vikaanza kufunguliwa mijini, kwa ajili ya watoto wa Wazungu na wa Wahindi. Mtoto Mwafrika hakuwa kwenye hesabu. Aliingia kwenye hesabu kupitia vita. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na kuanzia 1954 serikali ya kikoloni ikang'oa watu zaidi ya milioni moja, hasa Wakikuyu, na kuwasukuma kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyokuwa na mitaro, ulinzi na saa za kutotoka nje. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Waliobaki ni wanawake, wazee na watoto. Na hao wanawake walitolewa kila siku kwenda kazi ya lazima: kuchimba matuta, kutengeneza barabara, kuchimba mtaro ule mrefu ukingoni mwa msitu ili wapiganaji wasipate chakula.

Sasa mama anachimba mtaro, mtoto anaachwa na nani? Hapo ndipo vituo vya kuangalia watoto vilianzishwa ndani ya vijiji. Vingine vilikuwa kwenye mashamba makubwa ya chai na kahawa, kwa sababu hiyo hiyo ya mama kuwa na mikono mitupu ya kufanya kazi. Waliowekwa kuangalia watoto hawakuwa na mafunzo yoyote ya ualimu. Kazi yao ilikuwa moja: mtoto asipotee, asife.

Nataka ukae na hilo kidogo. Kituo cha kwanza cha watoto wengi Waafrika nchini hakikufunguliwa kwa ajili ya mtoto. Kilifunguliwa kwa ajili ya jembe la mama yake. Na yule aliyeachwa nao alikuwa mama mwingine wa kijiji hicho hicho, mwenye njaa ile ile, anayeangaliwa na mlinzi yule yule. Hakuna karatasi iliyomwambia afanye nini mtoto akilia akimtafuta babake. Kitu chochote kizuri alichofanya pale, alikitoa kwake mwenyewe.

Uhuru ukaja, na Kenyatta akatupa neno Harambee, Juni 1963. Watu huzungumza sana kuhusu sekondari za Harambee, lakini nasari ndizo zilizochipuka kila kona. Kikundi cha akina mama kinachanga, wazee wanatoa kipande cha ardhi, kanisa linatoa chumba cha Jumapili kitumike Jumatatu mpaka Ijumaa. Hakuna chumba? Kuna mti. Kisha wanatafuta msichana wa kijiji aliyemaliza darasa la saba, mwenye subira na sauti ya kuimba, wanamwambia: wewe ndiye mwalimu.

Serikali haikumlipa. Wazazi ndio walimlipa, na wazazi walilipa walipokuwa nacho. Shangazi yangu alifunza nasari ya namna hiyo miaka mingi, na hadithi zake za mshahara hazina shilingi nyingi ndani. Zina debe la mahindi. Zina kuku. Zina mzazi anayekupita sokoni akijifanya hajakuona kwa sababu ana deni la mihula miwili. Na kesho yake asubuhi mtoto wa huyo mzazi ndiye wa kwanza kufika darasani, anakurukia miguuni. Utamrudisha nyumbani?

Hapa ndipo maadili yanaanza kuwa kitu cha kweli, si maneno ya kwenye ukuta. Ebu fikiria kile kipindi cha habari za asubuhi, mliokaa kwa mkeka mtakikumbuka. Ticha anauliza, nani ana habari? Mtoto anainuka anasema, jana baba alipiga mama na mwiko. Au hasemi kitu, lakini unamwona ana alama mgongoni. Ticha wa nasari ndiye mtu mzima wa kwanza nje ya hiyo nyumba kujua. Anaweza kwenda kwa chifu. Lakini baba huyo huyo yuko kwenye kamati ya shule. Kamati ndiyo inayomwajiri. Kamati ndiyo inaweza kukaa Jumamosi jioni na kuamua kwamba kuna msichana mwingine hapo kijijini, naye pia ana sauti ya kuimba.

Nilimuuliza shangazi walikuwa wanafanyaje. Akaniambia hakuna aliyewafundisha, walijiwekea. Yeye kanuni yake ya kwanza ilikuwa kutomuuliza mtoto kazi ya baba yake mbele ya wenzake. Ya pili, ukimwona mtoto hajala, usitangaze, mtume "akusaidie" kubeba kitu mpaka kwako, kisha ampe uji huko huko jikoni. Kuhusu yule wa alama mgongoni, hakuenda kwa chifu. Alienda kwa nyanya ya mtoto. Sijui nyinyi mngefanya nini. Mimi nikiwa na Wi-Fi na sheria zote kwenye simu yangu ni rahisi sana kusema ningepiga ripoti.

Mafunzo yalikuja polepole. Kuanzia 1971 mpaka 1982 kulikuwa na mradi wa elimu ya awali pale taasisi ya mitaala, KIE ya wakati huo, ukisaidiwa na wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Mwaka wa 1980 nasari zikaondolewa kwenye wizara iliyoshughulikia mambo ya jamii zikapelekwa Wizara ya Elimu. Usione hilo ni jambo dogo la ofisi. Ni serikali kukubali, miaka 17 baada ya uhuru, kwamba hiyo ni elimu, si mahali pa kuegesha watoto. Mwaka wa 1984 kikaanzishwa kituo cha kitaifa, NACECE, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya, DICECE. Kozi yake ilikuwa ya miaka miwili ukiwa kazini: unafundisha muhula, likizo ya Aprili, Agosti na Desemba unaenda kukaa darasani wewe mwenyewe. Shangazi alipitia hiyo. Walifundishwa kwamba mchezo ndio kazi ya mtoto. Walifundishwa kutengeneza vifaa kwa vifuniko vya soda, maganda ya migomba na maboksi. Walikusanya hadithi, nyimbo za kubembeleza na michezo kwa lugha za nyumbani, ili mtoto asifike shuleni siku ya kwanza akadhani lugha ya mama yake ni makosa. Hiyo ya mwisho naipenda sana, manake ni maadili pia, hata kama iliandikwa chini ya kichwa cha mtaala.

Kule Mombasa kulikuwa na njia yao. Miaka hiyo hiyo ya 1980 wazazi Waislamu walitaka watoto wao wapate msingi wa shule bila kuacha chuo. Bi Swafiya Said, mwalimu aliyejulikana vizuri kule Pwani, akaanza kuandaa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na baadaye mpango huo ukafika Zanzibar na Uganda. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa huo huo, wakifundishwa na kufuatiliwa darasani, si kupewa cheti na kuachwa. Na jamii iliandikiana na kituo nani atafanya nini. Angalia tofauti: wajibu haukuandikiwa ticha peke yake.

Sasa tuje kwa kiboko, kwa sababu bila kiboko hii historia itakuwa uongo.

Kanuni za nidhamu za 1972 ziliruhusu viboko shuleni, lakini kwa masharti ambayo ukiyasoma leo utacheka. Mwalimu mkuu ndiye mwenye ruhusa. Si mbele ya wanafunzi wengine. Visizidi sita. Viandikwe kwenye kitabu. Nani kati yenu amewahi kuona hicho kitabu? Mwaka wa 1999 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu viboko katika shule za Kenya, na picha iliyotoka ni kwamba masharti hayo yalikuwa mapambo. Kila mwalimu alikuwa na kifimbo chake, na kifimbo kiliteremka mpaka kwa watoto ambao bado hawajui kufunga viatu. Mwaka wa 2001 serikali ikazifuta kanuni hizo, na mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Watoto. Katiba ya 2010 ikaongeza uzito: kifungu cha 29 kinakataza adhabu ya viboko, cha 53 kinasema maslahi ya mtoto yatangulie. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka bei kabisa: faini mpaka shilingi 100,000, au jela mpaka miezi sita, au vyote viwili.

Kwa karatasi, tumemaliza. Lakini hebu weka hiyo karatasi kwenye darasa la watoto 60, ticha mmoja, hakuna msaidizi. Umemnyang'anya kifimbo, na ni sawa kabisa kumnyang'anya, mimi sina shida na hilo hata kidogo. Ulimpa nini? Kunyamazisha watoto 60 bila kuwatisha ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa. Wengi hawakufundishwa. Ndiyo maana kiboko kikabadilika kikawa kufinywa, kikawa kupigishwa magoti, kikawa kuitwa mjinga mbele ya wenzako. Sheria ya 2013 inakataza pia kumtesa mtoto kiakili, lakini hiyo sehemu huwa haisomwi sana.

Mwaka wa 2003 nao, msingi bila malipo. Sote tunasifu, na mimi nasifu, zaidi ya watoto milioni moja waliingia darasani. Lakini nasari haikuwa ndani ya huo mpango. Mzazi akapiga hesabu: kwa nini nilipe nasari wakati darasa la kwanza ni bure? Wengine wakakaa na watoto nyumbani wakingoja. Tena aliyeumia ni ticha, kwa sababu mshahara wake ulikuwa ule mfuko wa mzazi.

Na mzazi aliyebaki akilipa alitaka kuona pesa yake. Hapo ndipo mambo ya intaviu yalikuwa yamenoga mijini. Mtoto wa miaka mitano anafanyiwa mtihani ili aingie darasa la kwanza la shule fulani. Ticha amesoma kozi miaka miwili, anajua mtoto wa umri huo anatakiwa acheze na mchanga. Lakini akimpa mchanga, mama anauliza mbona daftari ni tupu, na muhula ujao mtoto yuko shule ya jirani ambapo wanaandika mpaka mia. Unasimamia ulichosomea ama unalinda chakula chako? Sheria ya 2013 inasema shule ya umma isimfanyie mtoto mtihani wa kuingia, isipokuwa kujua tu wa kumweka darasa gani. Shinikizo lenyewe halijaenda popote. CBC ilipoanza nchi nzima 2019, ikaleta PP1 na PP2 na maneno mengi mazuri ya kucheza, lakini pita mtaani jioni uone vile watoto wa PP2 wanabeba kazi ya nyumbani.

Nilipofika hapa nikajiuliza kama kuna mahali pengine walifanya tofauti. Marekani, chama chao cha elimu ya watoto wadogo, NAEYC, kilipitisha kanuni za maadili 1989. Mimi sivutiwi na kwamba walikuwa nazo, kila mtu ana kanuni. Ninavutiwa na walivyozipata. Stephanie Feeney, profesa wa elimu, na Kenneth Kipnis, profesa wa falsafa, wote wa Chuo Kikuu cha Hawaii, waliwauliza walimu wenyewe kupitia jarida la chama: ni mambo gani yanawakosesha usingizi? Moja ya kesi zilizojulikana ni ndogo mpaka inachekesha. Mama anaomba mtoto wake asilale mchana shuleni, kwa sababu akilala mchana usiku halali na yeye mama anaamkia kazi alfajiri. Ticha anaona mtoto asipolala anakuwa mnyonge na mwenye hasira jioni nzima. Nani ana haki? Ukiwaza utaona si rahisi. Na sheria yao ya kwanza, inayotangulia zote, ni kutomdhuru mtoto.

Kwetu kanuni zilitoka juu. TSC ina kanuni zake za mwenendo na maadili za 2015, na kabla yake ilitoa waraka wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi, na kwa kweli imefuta walimu kwenye rejista kwa sababu hiyo. Ni kazi nzuri. Lakini kanuni hizo ni za kila mwalimu, wa Kidato cha Nne na wa PP1 pamoja. Mwanafunzi wa miaka 17 anaweza kuandika barua ya malalamiko. Wa miaka minne hajui hata kwamba kilichomfanyikia kina jina.

Na kuhusu picha, turudi hapo maana ndipo mimi na nyinyi tunahusika moja kwa moja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema taarifa za mtoto hazitumiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na picha ni taarifa. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Milioni nne na nusu. Wenye shule waliokuwa wanatumia sura za watoto kama bango la biashara walishtuka kidogo. Lakini ticha wa kawaida nani alimweleza? Mwenye shule anamwambia apige video watoto wakicheza densi ili wazazi wapya waje. Akikataa ni mkaidi, akikubali amevunja sheria. Na sisi wa kutengeneza maudhui tunazidi, manake tunachukua hiyo video tunaiweka tena na muziki juu yake. Mimi hunitumia watu klipu za watoto wa shule karibu kila wiki wakitaka nizisambaze. Sisambazi, na nikieleza sababu naambiwa najifanya.

Siku hizi, kwa Katiba, elimu ya awali iko chini ya kaunti. Kuanzia 2013 kaunti zikaanza kuajiri, kujenga madarasa, kuleta uji na maziwa mahali pengine. Kwa mara ya kwanza ticha wengi wa nasari walipata mwajiri ambaye si mzazi wa mtoto wanayemfunza. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa la maadili katika hii hadithi yote, kubwa kuliko kanuni yoyote iliyoandikwa, kwa sababu ticha ambaye baba wa mtoto hawezi kumfuta Jumamosi jioni anaweza kuthubutu kusema alichokiona. Lakini wengi waliajiriwa kwa kandarasi, kwa mshahara ambao mwenzao wa msingi hawezi kuukubali, na wakati mwingine unachelewa miezi. Anasajiliwa na TSC, anaajiriwa na kaunti, akikosewa anatupwa huku na huku kama mpira. Na wale wa shule za kibinafsi za mtaani bado wako kwa mfuko wa mzazi. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mshahara wao ulikatika wiki hiyo hiyo. Kuna walimu wa nasari waliouza mboga mpaka Januari 2021, na wengine hawakurudi tena.

Ninachotafuta sasa ni kitu kimoja. Kama mathe wako, shosho wako ama jirani yako alifunza nasari miaka ya sitini, sabini au themanini, kaa naye umuulize alilipwa nini, nani alimfundisha, na ni kitu gani aliwahi kuona kwa mtoto akakosa kujua amwambie nani. Rekodi sauti yake, kwa ruhusa yake. Kama ana cheti cha DICECE ama daftari lake la nyimbo bado liko kwenye sanduku, piga picha ya karatasi. Picha za darasa zenye sura za watoto msinitumie, hata kama hao watoto sasa wana ndevu, mpaka wenyewe wakubali.